Waifai Imegoma Kwenye Linux: Tambua Ugonjwa Kabla ya Kutafuta Dawa



Ndugu msomaji, somo la toleo hili linawahusu wenye laptopu zinazotumia Linux, na wale wanaofikiria kuiweka. Tatizo lenyewe wengi wanalijua: mfumo umeingia vizuri, skrini inang'aa, sauti inatoka, lakini alama ya waifai haipo. Au ipo, ila haioni mtandao wowote. Ufanye nini?

Kwa anayekaa karibu na maabara ya chuo yenye nyaya za mtandao, huo ni usumbufu wa nusu saa. Sasa mfikirie mwanafunzi aliyerudi likizo Minago, pale kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika kati ya Bujumbura na Rumonge. Nyumbani hakuna waya wa mtandao. Alichonacho ni simu na bando la kuhesabu, na mwalimu msimamizi anasubiri sura ya memwari. Akipanda gari kumfuata fundi mjini, ni nauli na ni siku nzima. Na mara nyingi jibu atakalopewa ni hili: "Toa hiyo Linux, tukuwekee Windows." Windows yenyewe huenda ni ya kunakiliwa bila leseni, na wakati wa kuiweka diski hufutwa pamoja na kazi iliyokuwemo. Atakuwa ametoa pesa, amehatarisha kazi ya mwaka mzima, na ameingia katika kutumia mali ya mtu bila ridhaa yake, jambo ambalo Muislamu halichukulii wepesi.

Na kumbe ugonjwa wenyewe aghalabu ni faili moja dogo lililokosekana.

Lengo la somo hili ni kukufundisha kutambua ugonjwa kabla ya kutafuta dawa. Wengi hushika amri ya kwanza waliyopewa na rafiki, ikishindwa wanajaribu ya pili, na ya tatu, mpaka bando limekwisha na mfumo umevurugika. Usiweke programu yoyote mpaka umejua tatizo liko ngazi gani.

KWA NINI WAIFAI, NA SI KIBODI?

Kiini cha Linux, yaani keneli, kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Finland. Leo keneli inakuja na draiva za vifaa vingi mno. Draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa fulani.

Kadi ya waifai ina jambo la ziada. Yenyewe ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta, ina kichakataji chake, na kadi nyingi kila zikiwashwa zinahitaji kupakiwa programu yao ya ndani. Programu hiyo inaitwa femuwea. Kwa mfano wa watu wa ziwani: draiva ni nahodha, femuwea ni mafuta ya injini. Nahodha awe hodari namna gani, bila mafuta boti haitoki mwaloni.

Tatizo linaanzia hapo. Draiva nyingi za Linux ziko wazi, kila mtu anaweza kuzisoma na kuzirekebisha. Femuwea ni mali ya kiwanda kilichotengeneza kadi, na mara nyingi kiwanda huruhusu igawiwe bila kuonyesha jinsi ilivyoandikwa. Ndiyo maana watu wa Debian, moja ya familia kongwe za Linux, kwa miaka mingi walikataa kuiweka kwenye diski zao rasmi za usakinishaji. Mwaka 2022 walipiga kura wakabadilisha msimamo, na Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ikawa ya kwanza kuja na femuwea hizo ndani ya diski rasmi. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilichagua tangu mapema kuja na femuwea. (Jina lake nasi Warundi tunalijua: ubuntu, utu.)

Faida ya historia hii kwako ni kwamba ile flashi inayozunguka mabwenini ikiwa na Debian 11 au ya zamani zaidi, waifai kutoonekana si ajabu. Anza kwa kujua una toleo gani. Fungua dirisha la amri (kwenye Ubuntu bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja) kisha andika:

cat /etc/os-release

Neno kuhusu kibodi. Laptopu nyingi kwetu hutoka Ulaya zikiwa na kibodi ya AZERTY. Kistari cha kati (-) katika AZERTY ya Ufaransa kiko kwenye kitufe cha 6 bila kubonyeza Shift; katika ile ya Ubelgiji kiko kulia kwa mabano ya kufunga. Na amri inayoanza na neno sudo itakuuliza nywila. Ukiiandika, mara nyingi hutaona herufi wala nyota. Usidhani kibodi imekufa, andika mpaka mwisho na ubonyeze Enter.

KWANZA, PATA INTANETI BILA WAIFAI

Wengi huona wamefungwa: dawa iko mtandaoni, na mtandao ndio mgonjwa. Suluhisho liko mfukoni. Chukua simu ya Android na waya wake wa USB, uunganishe na laptopu. Ingia kwenye mipangilio ya simu. Kama iko kwa Kifaransa, tafuta "Partage de connexion", kisha washa kipengele chenye neno USB. Laptopu itaiona simu kama mtandao wa waya, na kwa kawaida haihitaji kuwekewa kitu chochote.

Mambo matatu uyakumbuke:

1. Waya uwe wa kupitisha data. Nyaya nyingine za bei rahisi huchaji tu.

2. Simu nyingi zinaweza kuwa kwenye waifai na papo hapo zikaigawa kwa USB. Ukiwa chuoni, iunganishe simu na waifai ya chuo, na bando lako halitaguswa.

3. Ukiwa kwenye bando, zuia masasisho yasijishushe yenyewe. Andika nmcli connection ili kuona jina la muunganisho wa simu, kisha:

nmcli connection modify "JINA" connection.metered yes

Hapo unauambia mfumo kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na programu nyingi za kusasisha huheshimu alama hiyo.

NGAZI TANO

Sasa tupime. Fuata ngazi kwa utaratibu, usiruke.

Ngazi ya 1: Je, kadi inaonekana?

Andika:

lspci -nnk

Tafuta mstari wenye maneno "Network controller". Mwishoni mwake kuna namba mbili ndani ya mabano, zimetengwa na nukta mbili, kama [14e4:4365]. Ziandike kwenye daftari. Namba ya kwanza ni ya kiwanda: 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 14c3 ni MediaTek. Ya pili ni ya kadi yenyewe. Hizi ndizo za kuamini kuliko kibandiko cha nje, kwa sababu laptopu za aina moja zinaweza kuwa na kadi tofauti ndani.

Kama unatumia kidude cha waifai cha kuchomeka, andika lsusb badala yake.

Kadi isipoonekana kabisa, usipoteze megabaiti kutafuta draiva. Angalia kwenye BIOS kama imezimwa. Kama mashine ni ya mitumba na iliwahi kufunguliwa, huenda kadi imelegea, imetolewa, au imekufa. Hapo fundi ana kazi halali.

Ngazi ya 2: Je, imefungwa na swichi?

Andika:

rfkill list

Utaona mistari miwili chini ya kadi yako. "Soft blocked: yes" maana yake imefungwa na programu, na inafunguliwa hivi:

rfkill unblock wifi

"Hard blocked: yes" maana yake imefungwa na swichi ya mwilini mwa laptopu, au kitufe chenye picha ya mnara au ndege, mara nyingi pamoja na Fn. Hii hakuna amri ya kuifungua, ni kidole chako tu. Kuna laptopu nyingi zilizopelekwa kwa fundi kwa ajili ya swichi hii.

Ngazi ya 3: Je, draiva ipo?

Rudi kwenye majibu ya lspci -nnk. Chini ya kadi yako kuwe na mstari "Kernel driver in use" ukifuatiwa na jina: iwlwifi kwa Intel, ath9k au ath10k kwa Atheros, majina yanayoanza na rtw kwa Realtek nyingi mpya, yanayoanza na mt kwa MediaTek. Mstari ukiwepo, nahodha yupo. Nenda ngazi ya 4.

Mstari usipokuwepo, sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza: kadi ni mpya kuliko keneli yako. Kwa mfano kadi ya Realtek RTL8821CE, yenye namba 10ec:c821, ilipata draiva ndani ya keneli kuanzia toleo la 5.9, la mwaka 2020. Ukiwa na keneli ya 5.4, dawa si kuhangaika na draiva za kuokoteza, ni kupata toleo jipya la mfumo. Andika uname -r kujua keneli yako. Sababu ya pili: draiva ya kadi hiyo haimo ndani ya keneli kabisa, na huletwa kando. Broadcom ndio maarufu kwa hili, na tutawaona kwenye mfano.

Ngazi ya 4: Je, femuwea ipo?

Andika:

sudo dmesg

Majibu ni marefu. Tafuta mistari yenye jina la draiva yako na neno "firmware". Ukiona "failed with error -2", maana yake faili lilitafutwa halikupatikana. Lakini hapa pana mtego: draiva ya Intel hujaribu matoleo ya femuwea kuanzia jipya kushuka hadi la zamani, kwa hiyo mistari michache ya kushindwa ni kawaida. Linalohesabika ni la mwisho: ikiandika "no suitable firmware found", hapo kweli hakuna.

Kwenye Debian, dawa ni paketi ya femuwea ya kiwanda husika: firmware-iwlwifi, firmware-realtek, firmware-atheros au firmware-brcm80211. Hizi ni ndogo ukilinganisha na paketi moja kubwa ya Ubuntu iitwayo linux-firmware, ambayo ni mamia ya megabaiti. Ubuntu kwa kawaida tayari unayo, kwa hiyo usiishushe upya kwa bando bila sababu. Huna hata intaneti ya simu? Mwombe mwenzako aliye Bujumbura akushushie faili la .deb la toleo lako kutoka tovuti rasmi ya Debian, akuletee kwa flashi. Kisha, ukiwa ndani ya folda lilipo faili:

sudo apt install ./firmware-realtek*.deb

Ngazi ya 5: Je, tatizo ni la mtandao wenyewe?

Kama ngazi nne zote ni nzima, kadi haina kosa. Andika nmcli device wifi list, uone mitandao iliyopo, kisha:

nmcli --ask device wifi connect "JINA LA MTANDAO"

Ikikubali lakini kurasa hazifunguki, tazama saa ya laptopu. Mashine za zamani betri yake ndogo ya ubao hufa, na kila ikizimwa saa hurudi miaka mingi nyuma. Tovuti salama hukataa mgeni mwenye tarehe ya uongo, na mtu hulaumu waifai. Rekebisha tarehe kwanza.

Ikikubali lakini inakatika-katika au ni nzito kupita kiasi, jaribu kuzima hali ya kubana umeme kwa kadi, kisha jiunge upya:

nmcli connection modify "JINA LA MTANDAO" wifi.powersave 2

Na kama mashine yako ina Windows na Linux kwa pamoja, zima "Fast Startup" upande wa Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na wakati mwingine huiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha.

MFANO KUTOKA MWANZO HADI MWISHO

Tuseme laptopu ya mitumba, Ubuntu mpya, waifai haipo. Ngazi ya 1: lspci -nnk inaonyesha Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Kadi ipo. Ngazi ya 2: rfkill haionyeshi kizuizi. Ngazi ya 3: mstari wa draiva unasema "bcma-pci-bridge". Jina lipo, lakini hili ni daraja tu la kufikia chipu, si draiva ya waifai. Ugonjwa umeonekana: kadi hii inahitaji draiva ya kiwanda, iitwayo wl.

Dawa: unganisha simu kwa USB, kisha:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Kwenye Debian paketi ni broadcom-sta-dkms, pamoja na linux-headers-amd64, na sehemu ya non-free iwe imewashwa kwenye vyanzo vya mfumo. Kabla ya kukubali, soma mstari unaotaja ukubwa wa kushusha. Mfumo ukiwa wa Kifaransa utakuonyesha idadi ya Mo. Linganisha na bando lako, ndipo ubonyeze O.

Draiva hii hujengwa palepale kwenye mashine yako, na hapo kuna mlinzi mmoja wa kupita naye: Secure Boot. Kazi yake ni kukataa programu isiyo na sahihi inayotambulika. Jua hali yake kwa mokutil --sb-state. Ikiwa imewashwa, wakati wa kusakinisha utaombwa kubuni nywila ya muda. Ukiwasha upya mashine, itatokea skrini ya bluu inayosubiri sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua "Enroll MOK", kubali, na uandike nywila ile. Ukiiacha ikapita, draiva itakuwepo lakini haitapakiwa, na utaona kama vile dawa haikufanya kazi.

Mwisho, siku keneli ikisasishwa, draiva ya namna hii hujengwa upya. Ikitokea imeshindwa na waifai ikapotea, usifute mfumo. Washa mashine, kwenye menyu ya mwanzo chagua "Options avancées", uingie kwa keneli ya jana. Mara nyingi waifai itakuwepo, na unaweza kumaliza kazi yako kwanza.

KABLA HUJANUNUA LAPTOPU

Kinga ni bora kuliko tiba. Ukienda kwa muuzaji wa mitumba, nenda na flashi yenye Ubuntu inayowaka bila kusakinishwa. Iwashe laptopu kwa flashi hiyo, chagua kuijaribu tu, na utazame kama waifai inaona mitandao. Kisha andika lspci -nnk usome namba. Ni dakika kumi. Kadi za Intel na Atheros kwa kawaida hazisumbui. Broadcom na baadhi ya Realtek hufanya kazi, lakini zinadai subira. Muuzaji anayekataa mashine yake ijaribiwe, mshukuru na uende duka la pili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwenzako anasema waifai yake imekufa. rfkill list inaonyesha "Hard blocked: yes". Je, aweke draiva mpya?

2. dmesg ya kadi ya Intel ina mistari mitatu ya "failed with error -2", kisha waifai inafanya kazi vizuri. Je, kuna femuwea iliyokosekana ya kutafutwa?

3. Waifai imeunganika, simu ya jirani inapata kurasa kwa mtandao uleule, lakini laptopu yako inasema tovuti zote si salama. Utaangalia nini kwanza?

Majibu: (1) Hapana, atafute swichi au kitufe. (2) Hapana, draiva ilishuka mpaka ikapata inayofaa. (3) Tarehe na saa.

Kata ukurasa huu uuweke kwenye mkoba wa laptopu, kwa sababu siku waifai itakapogoma hutaweza kuusoma mtandaoni. Na ukishaponya mashine yako, pita chumba cha pili ukamsaidie mwenzako, ila yeye ndiye aandike amri, wewe uelekeze. Hivyo atajua kuiponya mwenyewe siku akiwa nyumbani na hakuna wa kumuita.